Mgombea kwenye Kipindi cha Mpira

Kampeni ilipofika wiki ya pili, wagombea wa mji wa Likasi walikuwa wamegundua kwamba mijadala ya siasa haina watazamaji, lakini kipindi cha mpira cha Fidélie kinatazamwa kila nyumba. Jumamosi hiyo zamu ilikuwa ya Carlos, tajiri aliyezungushia ukuta uwanja mmoja wa mtaa wa Shituru ili ajenge maghala. Ndiko timu ya wasichana ilikofanyia mazoezi, na nahodha wao, Mimi, alikuwa mdogo wake Fidélie. Asubuhi Fidélie alikuwa amemwahidi Mimi kwamba leo atamuuliza Carlos kuhusu uwanja huo.

"Weye, Fidélie," Kabongo, mkurugenzi wa kituo, alimzuia mlangoni mwa studio. "Mupira tu. Ukiuliza ingine, kesho usikuye ku kazi."

"Uwanja si mupira, patron?"

"Usinicheke."

Kwa desturi ya kipindi, mgeni humvalisha mtangazaji jezi kabla ya swali la kwanza. Carlos alileta nyekundu, mgongoni imeandikwa 214, namba yake ya kura. Hakuna aliyewahi kukataa mbele ya kamera. Fidélie aliinua mikono. Kitambaa kikamfunika uso, akasikia pumzi zake mwenyewe, akatamani abaki humo humo.

Alipotoa kichwa, wasichana kumi na mmoja wa timu ile walikuwa wanaingizwa studio, wote na 214 migongoni. Mimi alikuwa wa mwisho, anatazama viatu vyake.

"Hawa batoto ni ba kwangu," Carlos aliiambia kamera. "Si ni vile, maman Fidélie?"

Fidélie akiuliza kuhusu uwanja, kazi imekwenda, na wasichana wataitwa wasio na shukrani. Asipouliza, amewauza. Nyuma ya kioo, Kabongo alikuwa ameinua kidole kimoja kumwonya.

"Kapiteni," Fidélie alisema, akamsogezea Mimi maikrofoni, "siku hizi munacheza wapi?"

Mimi alizidi kutazama viatu vyake.

"Iko na haya, huyu!" Carlos akacheka.

Mimi alimtazama yaya wake, dada yake mkubwa, kisha akaishika maikrofoni kwa mikono miwili.

"Ku barabara, yaya. Tunangoya camion za mizigo zipite, ndio tunapiga. Uwanja iko na ukuta. Ukuta ni ya huyu papa Carlos."

Carlos alinyoosha mkono aichukue maikrofoni, bado anatabasamu. Mimi hakuiachia. Kabongo aligonga kioo, mara moja, halafu kwa nguvu.

Fidélie hakugeuka.

"Na camion," akauliza, "zinapitaka saa ngapi?"