Njia Isiyoruhusu Malori

Kinyozi waliyemwita Mkasi alikuwa na sifa moja aliyojivunia kuliko zote: hakuna mteja aliyekaa kwenye kiti chake asisinzie. Hakimu alisinzia. Mhubiri alisinzia. Hata fundi bomba, ambaye hugombana na kila mtu kuanzia asubuhi, alikuwa akianza kukoroma kabla mashine haijafika kisogoni. Mtu mmoja tu ndiye aliyemshinda, naye alikuwa rafiki yake wa chanda na pete, dereva wa lori aitwaye Breki. Huyo alikaa wima, macho kwenye kioo, akiangalia mlango, barabara iliyo nje ya mlango, na kila aliyepita. Ukimwambia afumbe macho umnyoe ndevu, alifumba moja.

"Wewe, hapa si barabarani," Mkasi alikuwa akimwambia.

"Barabara haina likizo," Breki alikuwa akijibu.

Jina lake lilitokana na msemo wake kwamba kuwasha gari hata mjinga anaweza, lakini dereva hujulikana kwa breki. Sasa alikuwa amestaafu, mgongo umekataa, na mwisho wa mwezi angehamia kwa binti yake, mbali kiasi kwamba mtu hawezi kuja kunyolewa akarudi. Habari hiyo ilimuuma Mkasi. Urafiki wao wa miaka na miaka ulikuwa umeishi kati ya kiti na kioo: huyu amesimama nyuma, yule amekaa mbele, wanatazamana kwenye kioo. Hawajawahi kwenda popote pamoja. Mkasi hakutaka rafiki yake aondoke kabla hawajakaa bega kwa bega, hata siku mbili tu, wakitazama kitu kimoja. Alilitaka jambo hilo kuliko alivyoweza kusema.

Gari alikuwa nalo, kigari chekundu alichouziwa na mteja. Leseni aliipata mvi zikiwa zimeshaanza, na aliyemfundisha kuendesha alikuwa Breki huyohuyo.

"Jumamosi hii nakupeleka matembezi, tunalala huko, Jumapili tunarudi," alimwambia huku akimfunga kitambaa shingoni. "Mimi naendesha, wewe umekaa. Chagua twende wapi."

"Popote," alisema Breki.

Popote ni neno la adabu, lakini halikuonyeshi pa kukata kona. Basi wateja waliokuwa wakisubiri zamu wakaligeuza duka kuwa baraza. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na siku hiyo zote mbili zilimwagwa kwa wingi pale dukani.

"Mpeleke kwenye maporomoko ya maji," alisema fundi bomba.

"Nimepita huko," alisema Breki. "Pana kona tatu mbaya sana. Tairi langu la nyuma lilipasuka kwenye ya pili."

"Basi kule ziwani," alisema mwalimu wa hesabu.

"Nimepita. Pale pana mizani ya kupimia malori. Foleni yake inakula nusu siku."

"Milimani je, kwenye baridi?" aliuliza muuza viatu.

"Mteremko ule?" Breki alitikisa kichwa, na Mkasi akainua wembe haraka asije akamkata. "Ule si wa kwenda kustarehe. Ule ni wa kuomba dua."

Watu walivunjika mbavu. Mkasi hakucheka. Alishusha wembe, akamtazama rafiki yake kwenye kioo.

"Na maporomoko yenyewe yakoje?" aliuliza.

"Maporomoko yapi?"

"Ya hapo penye kona tatu."

Breki alifikiri, akafikiri tena. "Sijayaona," alisema. "Nilikuwa nafunga tairi."

Jioni Mkasi alirudi nyumbani, akaketi na kushika tama. Mkewe, ambaye alikuwa mshonaji, alikuwa akipinda suruali kwenye cherehani, na hakuinua macho mpaka amalize mguu mmoja.

"Nani kafa?" aliuliza.

Mkasi akamsimulia. Kila mahali Breki ameshapita, na akishapita, anachokumbuka ni kona na mizani. Utamchagulia nini mtu wa namna hiyo?

"Kinyozi hajinyoi," alisema mkewe. "Na yeye ndiyo hivyohivyo. Kawapeleka watu na mizigo kila mahali, nani kampeleka yeye? Wewe unamtajia alikopita, yeye anakumbuka kazi. Muulize asikopita."

Mkasi alimtazama mke wake kwa namna ambayo hakuwa amemtazama kwa muda mrefu.

"Usiniangalie hivyo, nishike uzi," alisema mkewe.

Kesho yake hakungoja wateja wajae. Alimfuata Breki nyumbani kwake, akamkuta kwenye ngazi, amezungukwa na maboksi ambayo hayajafungwa.

"Ni wapi hujawahi kupita?" aliuliza bila salamu.

Breki alikuwa na jibu kabla swali halijaisha, ila aliona haya kulitoa. Akajikuna shingo. Akasafisha koo.

"Kuna njia panda," alisema hatimaye. "Ukishatoka mjini, ukapita kituo cha pili cha mafuta. Upande wa kushoto kuna njia ndogo, na kibao chenye picha ya lori limekatwa kwa mstari mwekundu. Malori hayaruhusiwi. Maisha yangu yote nimepita pale kwenda na kurudi, na kila nikipita najiuliza, huko kuna nini wasichotaka nikione? Usicheke. Nimeshajenga kasri huko. Nimejenga uwanja wa ndege. Mwaka mmoja nilichoka sana, nikajenga bahari."

"Sicheki," alisema Mkasi, na kweli hakuwa akicheka. "Tunakwenda huko."

Jumamosi mkewe aliwafungia chai kwenye chupa, mkate na mayai ya kuchemsha. "Shemeji, usimfokee," alimwambia Breki dirishani. "Akifokewa anasahau kulia na kushoto."

Breki hakufoka, lakini mguu wake ulikuwa na lake. Kila kona, mguu wa kulia ulikanyaga sakafu ya gari kutafuta breki isiyokuwepo. Kila mteremko, mkono ulishika mlango. "Kona mbele," alisema. "Shimo hilo. Mwache huyo apite." Mkasi alitii yote, roho juu, akaendesha polepole mpaka baiskeli ikawapita. Lori moja lilipowakaribia kutoka mbele likipiga honi, Breki alimtambua dereva wake, akajishusha kitini mpaka goti likagusa kidevu, asionekane amebebwa kwenye kigari chekundu kama mtoto wa chekechea.

Walipopita kituo cha pili cha mafuta sauti yake ilibadilika. "Pale," alisema. "Kata."

Mkasi akawasha taa ya kuonyesha, akakata. Kibao kikapita dirishani, na Breki akaziba pumzi, akigeuka kutazama nyuma.

"Hakuna aliyetusimamisha," alinong'ona, kwa raha ya mtu aliyeiba.

Baada ya mwendo mfupi wakakuta siri yenyewe. Ilikuwa daraja la mbao, jembamba, juu ya mto usiozidi upana wa chumba cha kulala. Breki alishuka, akainama kwa taabu ya mgongo wake, akachungulia nguzo, akagonga mbao kwa kisigino. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika boneti.

"Lori langu lingelala humu!" alisema. "Kumbe hawakuwa wananificha kitu. Walikuwa wananihurumia!"

Ng'ambo ya daraja kulikuwa na nyumba chache, duka moja, na nyumba ya wageni yenye vyumba vitatu. Mwenye nyumba alitoka akijifuta mikono.

"Mmekuja kwa nani?" aliuliza.

"Hatuna mtu hapa, mama," alisema Breki. "Tumekuja kuona."

"Kuona nini?"

"Kilichopo."

Mwanamke aliwatazama kama watu waliopotea, akawapa funguo.

Kilichopo kilikuwa benchi chini karibu na mto, na walikaa hapo mpaka chai ikaisha. Mkasi alikuwa na wasiwasi. Hakukuwa na kasri wala bahari. Mwishowe hakuvumilia.

"Umesikitika?"

"Nisikitike nini?" Breki alikuwa amevua viatu, miguu yake iko majini. "Sikia hayo maji. Siku zote maji ya mito nimeyasikia injini ikinguruma juu yake. Kumbe yana sauti hivi." Akamenya yai, akampa nusu. "Asante, ndugu yangu."

Mkasi aliitazama ile nusu ya yai na kushindwa kuila mara moja. Walikaa bega kwa bega, wote wawili wakitazama maji yaleyale, na alikuwa na furaha iliyomfanya aone haya.

Jumapili alasiri walianza kurudi. Mwanzoni mguu ulikanyaga sakafu kama kawaida. Kisha ikaja kona moja kubwa, Mkasi akasubiri kuambiwa, asiambiwe. Ikaja nyingine, kimya. Alidhani amekosea jambo, akageuza jicho kidogo.

Breki alikuwa amelala. Macho yote mawili yamefumbwa, mdomo wazi, kichwa kimeangukia dirishani, na ule mguu wa kulia umelala ubavu, hautafuti chochote.

Mkasi alifanya kama anavyofanya mteja akisinzia kitini: mkono ukawa mwepesi. Alizima redio. Mashimo aliyakwepa mwenyewe moja baada ya jingine, na malori aliyaacha yapite. Jua lilikuwa linashuka, na kiza kilikuwa hakijawahi kumkuta akiendesha, maana alikuwa anakiogopa. Akafika njia panda ya kuingia mtaani kwao. Alikuwa ameshawasha taa ya kuonyesha.

Akamtazama tena rafiki yake, akaizima ile taa taratibu, akaipita njia panda, akanyoosha mbele.