Tundu la Patasi

Seremala aliletwa saa nne asubuhi, amelazwa nyuma ya pikapu. Alikuwa ameteleza kwenye maranda, patasi ikamwingia chini ya titi la kushoto, na kwa kiwewe akaichomoa mwenyewe.

Daktari wa zamu, mwanamke aliyezoea kupasua matumbo, hakupenda alichokiona. Damu ya nje ilikuwa kidogo tu. Lakini mishipa ya shingo ilikuwa imetuna kama kamba, mapigo ya mkononi hayashikiki, na mtu mwenyewe anatapatapa akisema hapati hewa.

"Damu inavujia kwenye mfuko wa moyo," alisema. "Inaubana. Tuingie naye sasa hivi."

Muuguzi wa chumba cha upasuaji, mtu mzima waliyemwita Mama Mkasi, alikuwa tayari anavaa glavu. "Bingwa wa moyo yuko safarini. Wewe umewahi kushona moyo?"

"Nimewahi kushika taa mwenzangu akishona."

"Basi leo taa nashika mimi."

Kifua kilipofunguka, moyo haukuonekana. Palikuwa na mfuko mweusi uliovimba, unatetemeka tu. Aliukata. Damu nzito ikamrukia hadi kwenye aproni, na papo hapo mtaalamu wa usingizi akasema presha iliyokuwa imeshuka sasa inapanda. Tundu likajionyesha, upana wa ncha ya kidole, likitema damu kila moyo ulipojikaza. Akaliziba kwa kidole cha mkono wa kushoto.

Moyo ukawa unampiga kidoleni. Hilo lilimtisha kuliko damu yote ile.

"Nipe uzi," alisema. "Na mtu asiniharakishe."

Alipenyeza sindano moyo ukilegea, akangoja ukijikaza. Mshono wa pili ukaanza kuchana nyama. Akaukata, akachukua kipande cha ule mfuko, akakiweka chini ya uzi kama kiraka chini ya kifungo. Safari hii ukashika. Wa nne ulipokazwa, akatoa kidole polepole. Pakawa pakavu.

Nje, mke wa seremala alikuwa amesimama na viatu vya mumewe mkononi.

"Yuko hai, dada," daktari alimwambia. "Ila siku mbili hizi bado tunamwangalia."

"Eti umeushika moyo wake?"

"Kwa kidole kimoja."

"Mimi mwaka wa kumi na tisa huu nautafuta," alisema mke, akacheka, kisha kilio kikamzidi, akaketi chini. Daktari akakaa naye pale pale sakafuni.

Siku ya kumi na moja seremala alitoka kwa miguu yake, akilalamika kwamba kabati za wodini zimeungwa ovyo.