Joka Mbele ya Kamati ya Nidhamu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kucheka. La pili, kucheka peke yangu, pale ufukweni, saa nne ya asubuhi, wakati mama alikuwa amenipa kazi ya kulinda ndakala wake, dagaa wa ziwa letu, waliokuwa juani ili mabata wasiwale. Mabata wakala. Mimi nilikuwa ukurasa wa arobaini na moja.

Mama Constance, shemasi wa kanisa letu hapa Baraka, alikuwa akianika ndakala wake hatua ishirini kutoka kwangu. Alikuja kuona kitu gani kinamchekesha msichana asiye na simu mkononi. Akaliona jalada: joka lenye mabawa, limekaa katikati ya njia, limevaa miwani. Hakuuliza swali. Alikichukua kitabu kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayeokota panya aliyekufa, akaondoka nacho moja kwa moja hadi kwa Pasta. Siku ya Alhamisi nikaitwa mbele ya kamati ya nidhamu.

Nina diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari, asilimia sitini na nane, na ninaionyesha hata kwa mtu ambaye hajaomba kuiona. Mwaka mzima diploma hiyo ilikuwa imelala ndani ya mfuko wa plastiki juu ya kabati. Sasa shule ya kanisa ilikuwa imenipa darasa la nne nilifundishe, kuanzia Jumatatu. Barua ilikwisha kuandikwa, ilibaki sahihi ya Pasta tu. Nilipoingia chumba cha kamati niliiona barua yangu mezani. Kitabu kilikuwa juu yake. Joka limeikalia.

Na kitabu kilikuwa kimefungwa kwa kamba ya mgomba, mizunguko mitatu, mafundo mawili.

"Nilikifunga mwenyewe," Mama Constance alisema. "Kitu kisitoke."

Nilishusha pumzi. Kumbe hakuna aliyekifungua! Maana ninayo tabia moja mbaya: nikisoma, ninakutana na watu ninaowajua. Kitabu kinaweza kuwa cha nchi ya theluji na farasi, lakini ukurasa wa pili haujaisha nimekwisha kusikia sauti ya jirani yetu. Basi huandika jina lake pembeni kwa kalamu ya risasi. Kitabu hiki nilikipata kwenye kambi ya wakimbizi ya Lusenda, kwa rafiki yangu Mrundi aliyekuwa anarudi kwao na mzigo ukamzidi, na pembeni mwake nilikuwa nimejaza nusu ya waumini wa kanisa. Kifaransa chake kingewashinda wanakamati. Majina yao wenyewe yasingewashinda.

Walikuwa wanne. Pasta Jérémie, mtu mpole anayekubaliana na yeyote aliyesema mwisho. Mama Constance. Mzee Bonaventure, amekaa juu ya kiti chake cha plastiki cha bluu, chenye jina lake nyuma kwa rangi nyeupe. Kiti hicho hakilali kanisani. Mzee anakuja nacho begani na anarudi nacho begani, ibadani, harusini, matangani, na hakuna mtu mwingine Baraka nzima aliyewahi kukikalia. Wa nne alikuwa Koko Émilienne, bibi wa wote, pembeni, na ungo wa maharage mapajani. Koko aliwekwa kwenye kamati kwa sababu ya umri. Husinzia, huchambua maharage, na wakipiga kura huinua mkono pamoja na wengi.

"Ufunuo kumi na mbili," Mama Constance alianza. "Joka ndiye Shetani, iko maandishi. Na huyu binti Vanessa alikuwa anacheka naye."

"Sikucheka naye, Mama. Nilimcheka yeye."

"Pasta, umesikia? Anabishana. Na mutu wa hivi tumupe batoto betu?"

Pasta alikubali kwamba nabishana. Kisha akasema haki inataka ushahidi usomwe. Akatazama kitabu, akatutazama sisi. Pasta alisomea Biblia ng'ambo ya ziwa, kambini Tanzania, na Kifaransa chake kinatosha kuwasalimia wakubwa wa serikali na kuwaaga. Mzee Bonaventure alisema macho yake hayafai. Mama Constance alisema hawezi kutia ulimi wake mule.

"Basi," Pasta akasema, "mushitakiwa atatufasiria."

"Mwizi wa kuku apewe kuhesabu kuku?" Mama Constance aliuliza.

Lakini hapakuwa na mwingine. Nikafungua yale mafundo mawili, nikakikumbatia kitabu karibu na kifua ili kando za kurasa zisionekane, nikaanza: kila sentensi kwa Kifaransa kwanza, kisha kwa Kiswahili.

Nilianza na joka. Joka la kitabu hiki limezeeka, moshi wake mwenyewe unalikohoza, na vita halivitaki tena. Limefunga uzi katikati ya njia kuu ya ufalme, likakaa hapo. Kila anayepita linamwomba karatasi. Likipewa karatasi halisomi, maana halijui kusoma. Linainusa, linaigeuza juu chini, linasema, "Hapa pamekosekana kitu," kisha linasubiri kuku.

Koko alicheka. Nilishangaa, kwa sababu sentensi ya kuku nilikuwa bado sijaifasiri. Nikadhani anaota.

Nilipoifasiri, Pasta aliweka kiganja mdomoni. Mabega yalimtikisika.

"Ile joka mi nalijua," alisema alipopata pumzi. "Mwaka jana, natoka Lubondja na pikipiki, pale kwa kizuizi cha askari. Lilininusa karatasi hivi hivi. Hapa pamekosekana kitu! Nilikuwa na jogoo wa sadaka..." Akakumbuka kuwa yeye ni mwenyekiti. "Endelea, binti. Tunachunguza."

Niliendelea. Nikawapa kasuku, ambaye ndiye mkalimani kati ya joka na mfalme. Joka likinguruma, "Mwambie nitamla," kasuku anamwambia mfalme, "Anakualika mezani." Mfalme akijibu, "Mwambie nitamkata kichwa," kasuku anasema, "Anaulizia afya ya kichwa chako." Hivyo ufalme umekaa miaka tisa bila vita. Koko alicheka tena, na tena alinitangulia. Mara hii nilimtazama. Macho yalikuwa kwenye maharage.

Mzee Bonaventure hakucheka hata kidogo. Alisema, "Na huyo mfalme? Anafanya nini huyo mfalme?"

Nikageuza ukurasa. Arobaini na moja. Nilisahau kabisa kwamba ndiyo ifuatayo. Pembeni, kwa mwandiko wangu mzuri wa asilimia sitini na nane, palikuwa pameandikwa: *Mzee Bona mwenyewe!!* Na alama mbili za kushangaa.

Nikageuza kurasa mbili kwa pamoja. "Mfalme," nikasema, "alikuwa mtu wa haki sana. Alipenda, eh, kilimo."

"Umegeuza mbili," sauti ikatoka pembeni.

Sote tuligeuka. Koko Émilienne aliweka ungo chini, akainuka kwa kushika ukuta, akaja hadi kwangu na kunyoosha mkono. Ukinyooshewa mkono na mtu wa miaka themanini, unatoa. Akarudisha ukurasa mmoja, akakisogeza kitabu mbali na macho, akasoma kwa sauti. Kifaransa! Kilikuwa kimenyooka na kupigwa pasi, kila neno lina kola.

"Koko," Pasta alinong'ona, "tangu lini?"

"Nilifulia masista nguo miaka kumi na saba. Unafikiri walikuwa wananisemesha na mikono?"

"Na kwa kamati miaka yote hii haukusema?"

"Hamukuuliza."

Kisha akaufasiri ule ukurasa kwa Kiswahili, taratibu, bila kunionea huruma. Mfalme alikuwa na kiti kimoja cha enzi, na aliogopa mtu asije akakikalia. Kwa hiyo alikifunga mgongoni kwa mikanda saba, akawa anatembea nacho vitani, harusini, hata msalani. Akifika karamuni, wakati wa kufungua mikanda yote saba, wageni wamekwisha kula na kuondoka. Miaka kumi na moja alikibeba kiti hicho, na hakuwahi kukikalia hata mara moja.

Nje bata alilia, mmoja wa wale wale, nadhani.

Hakuna aliyekitazama kiti cha bluu. Ndivyo ulivyojua kwamba kila mtu anakiona. Mzee Bonaventure alijiinua nusu, akainamia kitabu mkononi mwa Koko, na yale macho yasiyofaa yakafaa ghafla.

"Hapa kuna jina langu," alisema.

Kasuku angepata la kusema. Mimi nilitazama barua mezani, nikaiaga moyoni, nikasema, "Ni mimi niliandika, Mzee. Ndicho nilichokuwa nakicheka. Sikumcheka Shetani. Nilikucheka wewe. Unisamehe."

"Si nilisema!" Mama Constance alipiga meza. "Pasta, chana ile barua!"

Pasta alikwisha kunyoosha mkono kwenye barua. Lakini Mzee alikuwa bado anautazama ukurasa.

"Tulipokimbia vita," alisema, "watu kwenye mtumbwi walibeba unga, masufuria. Mi nilibeba kiti. Kilikuwa cha mti wakati ule. Bakanicheka mpaka Kigoma. Tulipofika kambini, watu elfu, wote chini kwa vumbi. Kiti kimoja. Wagonjwa walikalia kile. Bamama wenye mimba walikalia kile. Siku moja nikaenda kuchota maji, nikarudi, hakuna kiti." Akakaa tena kwenye plastiki yake, polepole, kama anayehakikisha ipo. "Sasa huyu Mzungu aliyeandika. Nani alimwambia habari yangu?"

"Hakuna, Mzee," nikasema. "Anaishi mbali. Hakujui."

"Ananijua vizuri." Hakuwa amekasirika. Alikuwa kama mtu aliyepokea barua kutoka kwa ndugu aliyedhani amekufa. "Na mwisho? Anafungua mikanda? Anakaa?"

"Sijafika, Mzee. Mabata walinikatiza."

Mama Constance alikuwa ametutazama mmoja mmoja, na uso wake ulikuwa unabadilika. Pasta alikuwa na joka lake. Mzee alikuwa na mfalme. Hata Koko alikuwa na Kifaransa.

"Na mi?" aliuliza. "Mi siko ndani?"

Alikuwamo. Ukurasa wa thelathini, niliouruka wakati wanacheka: bata bukini anayelinda lango la ikulu, na pembeni *Mama C.*, na mstari chini. Koko aliufikia ukurasa huo kabla sijamzuia, akaweka kidole gumba juu ya jina.

"Uko," alisema. "Wewe ni mulinzi wa lango la mfalme. Hakuna anayeingia bila wewe kujua, na hakuna sufuria inayopita bila wewe kujua kilichopikwa."

"Hiyo kweli," Mama Constance alisema.

"Sauti yako inasikika mpaka ng'ambo. Adui wakija usiku, wewe ndiye unaamusha mji wote."

"Kweli kabisa."

"Na una shingo ndefu, nzuri."

Mama Constance alijishika shingo. "Eh," alisema kwa sauti ndogo. "Yule mutu ana macho."

Niliuma ulimi hadi ukaniuma kweli.

Koko akarudi kwenye kona yake na kitabu. Pasta alikohoa, akatoa hukumu. Kitabu ni cha hatari, alisema, na kwa sababu hiyo hakiwezi kuhukumiwa nusu. Kina kurasa mia tatu, kamati imechunguza arobaini na moja. Uchunguzi utaendelea kila Alhamisi hadi mwisho. Na kwa kuwa mfasiri hawezi kuwa mshitakiwa na pia mtumishi wa kamati, mashitaka yamesimamishwa. Alimtazama Mama Constance. Mama Constance alikuwa bado na mkono shingoni. Basi Pasta akatia sahihi barua yangu.

"Ina maana leo imeisha?" Mzee Bonaventure aliuliza.

"Imeisha, Mzee."

"Iko jua bado. Asome kidogo." Akasimama. Akakishika kile kiti cha bluu, akakizungusha, akakiweka mbele yangu, na alikitazama kama mtu anayemwazima mwingine mguu wake. "Kaa, binti. Leo tu."

Nikakaa. Koko akanirudishia kitabu, nikasoma kurasa kumi, na sikuruka hata mstari.

Nyumbani nilifungua kitabu ili nifute majina kabla ya Alhamisi nyingine. Nilichelewa. Jina la Mama C. lilikuwa limefutwa tayari, vizuri, bila kuchubua karatasi. Kando ya kasuku, mahali ambapo mimi sikuwahi kuandika jina la mtu, palikuwa na mwandiko wa masista, umelala upande mmoja:

*Vanessa. Bado hajui kudanganya vizuri. Nitamfundisha.*