Nyumba Haiuzwi, Hata na Maji Ndani

Niliisikia kwenye bomba la maji, na tangu hapo haikunitoka kichwani: kwamba ziwa limeanza kurudi nyuma, na parcelle, yaani kiwanja, ambayo mwenyewe hatakuwa amelala ndani yake kabla ya Pasaka itapewa muntu mwingine. Nani alisema? Mama aliyekuwa mbele yangu. Yeye aliambiwa na shemeji yake, na shemeji aliipata Kalundu kwa wabeba mizigo wa bandari, ambao kama mnavyojua ndio wanaogawa viwanja katika nchi hii.

Nilipofika nyumbani, mume wangu Onesphore alikuwa ameshaisikia. Nyumbani ni chumba kimoja kwa dada yangu Sidonie, juu ya barabara, tulikokimbilia ziwa lilipoingia kwetu na kukaa. Wakati ule wataalamu walikuja wakatuonyesha picha za rangi: mvua imebadilika, milima imebaki bila miti, udongo wote unashukia mitoni, na ziwa linapokea kila kitu. Tuliwashukuru. Kila mmoja akapewa chupa ya maji, akarudi kwenye maji.

Mbele ya ile nyumba yetu, Onesphore alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: NYUMBA HAIUZWI. Ndiyo desturi yetu, maana hapa nyumba yako inaweza kuuzwa ukiwa kanisani. Lakini yeye aliandika maji yakiwa yanafika magotini. Nilimwuliza nani atainunua, samaki wa ndagala? Hakucheka.

Sasa maji yalikuwa yameshuka kidogo, na mahali watoto walipokuwa wanaruka kamba yameota matete marefu kumpita muntu. Onesphore aliyapenda. "Yanazuia mawimbi," alisema, kama vile aliyapanda yeye.

Shida ilikuwa yale maandishi. Kila asubuhi aliyakuta yamefunikwa na matope yaliyochanganyika na majani. Anaosha, anapaka rangi upya, kesho yamefunikwa tena.

"Iko muntu anataka parcelle yangu," akaniambia. "Ni Herménégilde."

Herménégilde ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwalimu wa kwaya, muntu anayeomba ruhusa hata kukohoa.

"Na yeye nyumba yake imejaa maji," nikasema. "Ya kwetu ataifanyia nini, choo?"

"Weye unamtetea. Sawa. Jumamosi nitalala kule na Luc."

Luc ni mtoto wetu wa kwanza, yuko mwaka wa sita shuleni. Nikaacha sufuria.

"Luc wa nini?"

"Mwanaume peke yake watasema ni mlinzi. Akiwa na mtoto, ni familia."

"Na mamba?"

"Mamba iko kule mtoni Ruzizi, Mama Luc."

"Na Ruzizi inaishia wapi, Papa Luc? Ziwani hapa, ama Bujumbura sokoni?"

Akaenda kukunja godoro, maana ndoa yetu ina hekima.

Jumamosi jua likiwa bado juu, tuliteremka. Onesphore mbele na godoro kichwani, minye nyuma nimemshika Luc mkono kama mwizi. Herménégilde alitufuata, alikuwa amesikia anashitakiwa, akaja na shati ya kanisa. Ndani ya matete tulikuta njia imekanyagwa vizuri, pana kama ya gari.

"Mumeona?" Onesphore akasema. "Anapita hapa kila siku."

"Herménégilde amenenepa," nikasema.

Tukatokea karibu na nyumba. Kiboko alikuwa amesimama mbele ya ukuta wetu, ametuelekezea uso, matako kwenye herufi nyekundu. Akaanza kuzungusha mkia kama feni, na mavi yakaruka yakapaka ukuta wote, kuanzia NYUMBA hadi HAIUZWI. Alipomaliza akageuka polepole, akaingia pale ulipoanguka ukuta wa chumba cha watoto. Akalala. Tulisikia alivyolala.

Onesphore alibaki na godoro kichwani.

"Papa Luc," Herménégilde akanong'ona, "minye niko hapa. Yule ni nani?"

Tulirudi nyuma bila kukimbia, Luc katikati yetu, mpaka barabarani. Pale ndipo Herménégilde akakunja mikono ya shati.

"Na yeye anasema haiuzwi," akasema. "Ila yeye anakaa ndani. Utamshitaki kwa shefu wa kartiye, mkubwa wa mtaa wetu?"

Onesphore akalishusha godoro. "Luc atalala kwa Sidonie," akasema, kama vile ni wazo lake. Nilimwachia.

Pasaka imepita. Hakuna aliyepewa parcelle, isipokuwa yule. Sasa bombani wanasema ni kabla ya Noeli, na jana nimeona jirani Mama Belyse anakunja magodoro ili arudi kwake. Ndiyo sababu naandika. Epukeni haya:

Kurudi kwenye nyumba kwa sababu ya maneno ya bombani.

Kulaza mtoto karibu na matete yaliyoota mahali hayakuwepo.

Njia pana ndani ya matete.

Kusimama kati ya kiboko na ziwa.

Kutuma mtoto kuosha vyombo kwenye maji yaliyosimama ndani ya nyumba. Vyoo vya avenue nzima vimo humo.

Kisima kilichoingiliwa na ziwa, hata maji yakionekana safi.

Kukata miti mlimani na kuchoma makala ya kupikia, kisha kuuliza udongo umetoka wapi.

Kumshitaki jirani kabla ya kunusa ukuta.