Nyota Tatu za Foronya Nyekundu

Nyumba ya Mama Pacha haina mlango, ina pazia. Mlango upo, lakini mchana sijawahi kuuona umefungwa, na anayesimama nje kupiga hodi hujulikana papo hapo kuwa ni mtu wa bima. Sisi wengine tunapita tu. Siku hiyo nilipita kuomba sukari, nikakuta sebule imejaa watu na kimya kimetanda kama kwenye nyumba yenye mgonjwa. Na pale katikati ya kochi, mahali pa mgonjwa, imelazwa simu.

"Wamemfungia," alininong'oneza Msusi, wifi yake Mama Pacha, kitana bado kimechomekwa kichwani. Alikuwa ameacha mteja saluni na nywele nusu.

"Polisi?"

"Afadhali polisi, wale unaongea nao. Soko!"

Nikakaa. Sukari ingesubiri.

Mama Pacha ni fundi cherehani. Anashona foronya za mito ya makochi na kuziuza kwenye soko la mtandaoni: anapiga picha, anaweka bei, watu asiowajua wanabonyeza, naye anafunga kifurushi. Zamani alikuwa kwenye karakana ya tajiri mmoja, anashona sare kutwa, hata kwenda msalani kwa ruhusa. Siku aliyoaga, tajiri hakugomba wala hakununa. Aligonga gonga kiti chake kwa kiganja, kama mtu anayembembeleza ng'ombe, akasema, "Hiki simpi mtu. Utarudi." Tangu hapo kila foronya iliyotoka kwenye nyumba ile ilishonwa kukikimbia kiti kile.

Sasa ujumbe kwenye simu ulisema akaunti yake ya kuuza imesimamishwa.

"Ameshanipigia," Mama Pacha alisema, macho kwenye zulia.

"Nani?"

"Tajiri. Anawaulizia watoto."

"Watoto wako amewahi kuwaulizia lini?"

"Ndiyo hivyo. Habari zimeshamfika."

Mimi nikatazama dari. Mtaani kwetu habari hazina miguu, lakini zina majirani.

Kisa chenyewe kilianza na foronya nyekundu. Mama Pacha aliitoa mpya, ina maua ya kudarizi pembeni, na zipu badala ya vifungo. Ikanunuliwa. Mteja wa kwanza, aliyejiita Mpenda Haki, akaandika hivi: "Rangi nzuri. Mshono umenyooka. Zipu ina kiburi, mpaka uibembeleze ndipo ifunge. Nyota tatu."

Nyota tatu! Kwani zile mbili amezipeleka wapi? Jumapili ile ukoo mzima ulipokusanyika kunywa chai, Mpenda Haki alisemwa mpaka nikamwonea huruma. Msusi alisema huyo ni mtu aliyeachwa. Baba Pacha, ambaye ni fundi bomba na kwa kawaida hagombani na mtu, alisema kuna watu hata peponi watalalamikia mito. Bibi, mama mkwe wake Mama Pacha, alikuwa kwenye kona yake ya kochi na kikombe chake. Yeye aliuliza jambo moja tu: "Kwani zipu haina kiburi?"

"Mama, usimtetee mtu usiyemjua," Msusi akamkatiza.

Bibi akanywa chai.

Ndipo shemeji mtu akainuka. Huyu mdogo wake Baba Pacha tunamwita Kompyuta, kwa sababu siku moja aliiponya televisheni kwa kuichomoa na kuichomeka tena, na tangu hapo hajashuka kutoka kwenye cheo hicho. "Tumfunike," akasema. "Mtu mmoja ana nyota tatu. Sisi wote hapa tukitoa tano tano, ataonekana wapi?"

"Lakini soko linataka anayetoa nyota awe amenunua," Mama Pacha alisema.

"Si tununue!"

Foronya nyekundu iliyokuwa tayari siku hiyo ilikuwa moja. Basi ikanunuliwa moja hiyo hiyo na sebule nzima. Mmoja anabonyeza kununua, Mama Pacha anabonyeza amekabidhi, foronya inapokewa kwa mikono miwili na vigelegele, inapigwa picha, nyota tano, kisha anapewa anayefuata. Pesa zenyewe zilimrudia kila aliyenunua kabla chai haijapoa. Sifa nazo zilimiminika. Msusi aliandika kuwa tangu aweke foronya ile mume wake anarudi nyumbani mapema. Kompyuta aliandika kuwa imemponya shingo. Mimi niliandika kwa kiasi tu, kwamba wageni wangu hawataki kuondoka. Jioni ile tulitoka pale tumevimba kwa wema.

Na sasa soko limejibu wema wetu. Kompyuta akaisoma tena barua yao kwa sauti ya msomaji wa taarifa ya habari: "Tumebaini wateja wengi walionunua bidhaa moja, wakitumia intaneti moja, na kupiga picha juu ya kochi moja. Katika kila picha unaonekana mkono wa mtu yule yule aliyeshika kikombe."

Sote tukageuka. Bibi alikuwa kwenye kona ile ile, na kikombe kile kile.

"Mnanitazama nini? Mlitaka nimwage?" Bibi akauliza.

Hata Mama Pacha alicheka, lakini kicheko kilikatikia njiani.

Soko lilitoa nafasi ya rufaa. Kompyuta akajitolea kuiandika, akaanza na "Kwa heshima na taadhima, tunakanusha vikali." Mama Pacha akampokonya simu.

"Unakanusha nini, shemeji? Kochi?"

Akaomba kila mtu afute sifa zake. Ungedhani ameomba turudishe mahari. Msusi alisema yeye hajawahi kumsifu mtu akajikana. Kompyuta alisema shingo yake imepona kweli. Mimi, nikiwa jirani tu, nilifuta wa kwanza ili wenye ndugu waone haya, kisha nikabaki kuwasimamia. Mpaka wa mwisho alipofuta, kulikuwa na watu wawili hawasemeshani na mmoja amechukua bakuli lake aliloazimisha. Mama Pacha akaandikia soko kuwa wale ni ndugu na jirani, wamefuta, na anaomba radhi.

Tukasubiri jibu kama watu wanaosubiri maiti ioshwe. Kila siku nikipita, cherehani imenyamaza, na yeye anakunja vitambaa vilivyokwisha kukunjwa.

Jibu likaja. Kompyuta alilisoma bila sauti ya redio safari hii. "Bado ipo akaunti moja ya mteja mwenye uhusiano wa karibu na wewe, ambayo hukuitaja. Rufaa inayofuata itakuwa ya mwisho."

Hapo ndipo nyumba ilipochafuka. Nani hajafuta? Simu zikatolewa zikapangwa mezani kama samaki sokoni. Msusi akakagua ya Kompyuta, Kompyuta akakagua ya Msusi na kuona mambo yasiyomhusu, nikaona na mimi kidogo. Yangu ikakaguliwa mara mbili, eti mimi ndiye ninayejua kuficha. Baba Pacha aliporudi na mfuko wake wa spana, hata salamu hakujibiwa.

"Toa simu!"

"Mimi simu yangu haina hata nafasi ya picha ya wanangu!"

"Anayejitetea sana ana lake," Msusi akasema.

"Basi na wewe acha kusema."

Katikati ya kelele zile Mama Pacha aliinuka. Alichukua shuka kuukuu, akaanza kuifunika cherehani, akiingiza pembe taratibu chini ya meza kama anavyowafunika pacha wake wakilala.

"Nyamazeni tu," akasema. "Mmenipenda, nimeona. Kesho nampigia tajiri. Kiti bado kipo."

Ya tajiri tulikuwa tunayajua wote, lakini hatukuwahi kumsikia akiyasema kwa sauti ndogo namna ile.

"Usifunike hiyo," Bibi alisema.

"Mama, hamna jinsi."

"Nimesema usifunike. Ni mimi."

"Wewe nini, Mama?"

Bibi aliweka kikombe chini. Nimepita nyumba ile miaka na miaka, sijawahi kuona kikombe kile kikiwekwa chini kikiwa na chai. Akafungua mkoba wake, akatoa mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko kitambaa, ndani ya kitambaa foronya nyekundu.

"Mpenda Haki," akasema, "ni mimi."

Msusi akakaa juu ya miguu ya Kompyuta, na Kompyuta hakulalamika.

"Mama! Siku ile tumekusema mpaka tumekutoa peponi!"

"Nilisikia. Wewe ulisema nimeachwa."

"Lakini kwa nini ununue?" Mama Pacha akauliza. "Si ungeniambia nikushonee?"

"Ungenishonea ya mama mkwe. Mimi nilitaka kuona wanachopewa watu." Akaipapasa foronya. "Watu wakiniuliza mke wa mwanao kazi yake ikoje, nisiseme kwa kusikia. Nikanunua kwa pesa yangu, nikachukulia pale kwa muuza dawa, wanakoachwa vifurushi. Nikasema nilichokiona. Kazi nzuri, zipu ina kiburi. Uongo?"

Hakuna aliyesema uongo.

"Sasa soko wamekujuaje, Mama?" Baba Pacha akauliza. "Simu yako, dukani kwa muuza dawa, wewe hata picha hukupiga."

Bibi akaangalia pembeni. "Waliniuliza namba ya pili. Ya mtu wa kupigiwa nisipopatikana. Mimi namba ninayoijua kwa kichwa ni moja tu." Akaitaja, tarakimu kwa tarakimu, bila kukwama.

Ilikuwa ya Mama Pacha. Soko huwaficha wauzaji namba za wateja, kwa hiyo mwenyewe hakuwahi kuiona, lakini soko lenyewe liliiona.

"Na yangu?" Msusi akang'aka. "Mama, mimi nimetoka tumboni mwako!"

"Yako unaibadilisha kama wigi. Nishike ipi?"

"Na mimi?" Baba Pacha akauliza.

"Wewe hupokei."

Mama Pacha alikuwa bado ameshika pembe ya shuka. Alimtazama mama mkwe wake, kisha akaketi karibu naye, akachukua ile foronya na kuvuta zipu. Ikagoma. Akaibembeleza, ikakubali. Akaivuta tena, ikagoma pale pale.

"Ni kweli," akasema. "Nilizipata kwa bei nafuu zipu hizi. Nikajua hakuna atakayejali."

"Basi nifute?" Bibi aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyetaka kufuta.

"Usifute, Mama."

Rufaa ya mwisho aliiandika peke yake. Kompyuta alijaribu kuchungulia akatumwa maji. Mimi niliketi nyuma yake, kwa hiyo niliisoma bila kuchungulia. Alieleza ile Jumapili yote, na kochi, na foronya moja iliyouzwa kwa sebule nzima. Kisha: "Akaunti mliyoitaja ni ya mama mkwe wangu. Alinunua bila mimi kujua, na aliyoyaandika ni ya kweli. Zipu ilikuwa na kiburi. Nimeondoa foronya zote za zipu hiyo na waliozinunua nitawabadilishia. Mkitaka maoni yake yafutwe, futeni ninyi, mimi siwezi kumwambia." Na chini ya maoni ya Mpenda Haki, pale muuzaji anaporuhusiwa kujibu, akaandika: "Asante, mteja. Zipu zimebadilishwa."

Safari hii hakufunika cherehani. Alishona akisubiri. Alitoa zipu mbovu moja moja, akaweka mpya, na mlio wa cherehani ulisikika mpaka kwangu.

Simu ilipolia nilikuwepo, maana sukari ilikuwa imeniishia tena. Akaunti imefunguliwa. Sifa zetu zote zimekwisha potea, na ndugu wote wamekatazwa kutoa au kubadili nyota. Lakini maoni ya Mpenda Haki, kwa kuwa alinunua kihalali na kusema asichoombwa, yatabaki kama yalivyo.

Kwa hiyo foronya nyekundu ya Mama Pacha, baada ya vigelegele vile vyote, ilirudi sokoni ikiwa na maoni ya mtu mmoja tu, ya mama mkwe, nyota tatu. Msusi alicheka mpaka akatoa machozi. Alisema hiyo ndiyo ndoa, nyota zote wanakunyang'anya wanakuachia za mama mkwe.

Mama Pacha alileta foronya ya Bibi yenye zipu mpya. Bibi akavaa miwani. Akavuta zipu kwenda, akavuta kurudi, kichwa ameinamisha kama anasikiliza mapigo ya moyo. Mkono ukaanza kutambaa kuelekea kwenye simu yake.

"Mama, usiguse!" tulipiga kelele wote. "Watafunga tena! Sema kwa mdomo!"

Bibi akavua miwani.

"Nne."

"Nne! Na ya tano je?"

"Ya tano ya nini? Hata marehemu baba yenu aliishia nne."

Mama Pacha alicheka mpaka uzi ukamkatikia. Akaulamba ncha, akautia tena sindanoni, kwa sababu oda ya kwanza ilikuwa imekwisha ingia. Mteja alikuwa mtu tusiyemjua hata kidogo. Hakuuliza bei wala rangi. Aliuliza kama zile zipu zimebadilishwa kweli, na kama huyo Mpenda Haki ameridhika sasa.