Upande wa Kushoto wa Lettice

Kwa miaka kumi na moja Lettice Thornbury alicheza mpira wa vinyoya, yaani badminton, pamoja na Honoria Pym, na pwani yote ya Devon hapakuwa na wanawake wawili waliofurahia kupangiwa kucheza dhidi yao. Lettice alikaa nyuma akipiga. Honoria alikaa mbele, karibu na neti, akimalizia. Hawakuitana. Kila mmoja alijua mwenzake yuko wapi kwa kusikia sketi yake ikifagia mbao za ukumbi wa Exmouth.

Jicho la kushoto lilianza kufifia majira ya baridi ya 1907. Mwanzoni Lettice alizilaumu taa za gesi. Kisha asubuhi moja alifumba jicho la kulia, na dirisha lote likageuka ukungu. Hakumwambia mtu. Baba yake, kanali mstaafu, alikuwa hajiwezi, na nyumbani Lettice aliitwa kwa kengele. Ukumbini tu ndiko alikoitwa kwa jina. Basi akajifunza kugeuza shingo, na kusimama hatua mbili kushoto zaidi ili vinyoya vimjie kulia.

"Mbona siku hizi unanisukumia kulia?" Honoria alimuuliza.

"Nakupa nafasi uringe na sketi mpya."

"Mpya? Hii ya mwaka juzi, mwenzangu! Wewe tu huangalii."

Wakacheka, Lettice akiharakisha kuanzisha mchezo.

Machi 1909 walifika fainali ya London. Mchezo wa tatu, wapinzani wao wakibakiza pointi mbili washinde, waliinua kinyoya juu sana, kikaja kushuka polepole kushoto kwa Lettice. Alisimama akikingoja. Kilianguka kando ya kiatu chake. Mtu mmoja kwenye viti akacheka. Wapinzani hawakuwa wajinga. Wakakirudisha palepale, wakashinda fainali.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Honoria alifungua kamba za viatu kwa muda mrefu.

"Let, hukukiona?"

"Nilidhani kinatoka nje."

"Kimekuangukia mguuni."

"Nimeshasema, nilidhani kinatoka!"

"Haya," alisema Honoria. "Haya, basi."

Ilipofika Oktoba, Lettice alisikia kwa watu kwamba Honoria atacheza na Cicely Vane, msichana wa miaka kumi na tisa. Akaenda kwa Honoria bila kofia, mvua ikinyesha.

"Hata kuniambia umeshindwa?"

"Wewe je, umeniambia nini?" Honoria alibaki mlangoni. "Mume wangu ni daktari, Lettice. Alipokutazama ukicheza aliligundua jicho lako, miaka miwili iliyopita. Miaka miwili nimekimbilia upande wako, nikingoja uniambie. Hata siku ile ya fainali nilikuuliza."

"Ungeniacha."

"Ningehamia nyuma, wewe ukae mbele. Jicho si kitu. Ila nimechoka kudanganywa usoni."

Lettice akageuka. Akarudi nyumbani akiwa amelowa chapachapa, kengele ya baba yake ikilia ghorofani.

Honoria na yule msichana walishinda London mwaka uliofuata. Kanali alifariki, Lettice akahamia kwa dada yake, Maud, huko Torquay. Vita vya 1914 vilipoanza, ukumbi wa Exmouth ulijaa vitanda vya majeruhi, na jicho la kulia nalo likaanza kufuata njia ya mwenzake.

Mwaka 1915 ilikuja barua ya Honoria. Maud alimsomea: salamu tu, na hali ya hewa.

"Nimjibu nini?" Maud aliuliza.

Lettice aligeukia sauti ya dada yake.

"Mwandikie kwamba sioni. Mwandikie kwamba niliogopa kumwambia."

Juma lililofuata Honoria alikuja kwa treni. Alimshika mkono, akaketi karibu naye. Wakaulizana habari za maumivu ya viungo vyao na za Cicely, aliyekuwa muuguzi Ufaransa. Mazungumzo hayakufika kwenye jicho wala kwenye fainali. Honoria akasema treni ya saa tisa isije ikampita, akaondoka.