Picha ya Tano

Kila Kapembwa alipofumba jicho moja nyuma ya kamera, Mwaba alikuwa keshasimama mle ndani: miaka sita, miguu mitupu, juu ya kilima cheusi cha mabaki ya mgodi wa madini ya risasi. Picha ile ilizunguka dunia. Kapembwa ikampa tuzo na jina. Mwaba alizikwa ana miaka kumi na mmoja, damu imejaa sumu ya madini yale.

Wenye mgodi walikuwa wameondoka zamani, wamebeba kila kitu hadi misumari, wakawaachia watu kilima. Watu hawakusahau. Mwaka huu waliwaburuta mahakamani, na jana wakili wa kampuni, hana hata haya, aliinua picha ileile: "Kilima kina uzio. Mtoto alikifuata mwenyewe. Mama yake alikuwa wapi?"

Asubuhi Kapembwa akaenda kwa Mama Mwaba na kopo la filamu.

"Mpiga picha!" Mama alikuwa akichekecha unga wa nshima, ugali wa mchana. "Safari hii nichane nywele kwanza?"

Kapembwa hakucheka. "Nimekuja kwa ajili ya Mwaba, mama."

Chekecheo likasimama. "Nilimchapa kwa ile picha yako. Nilimkataza kilima, nikamwona gazetini yuko kileleni. Akalia, 'Mjomba wa kamera ndiye aliyeniambia nipande.' Nikamwongeza fimbo kwa kusema uongo."

Kapembwa akahisi vumbi la siku ile kooni. Nuru ilikuwa nzuri kule juu. Yeye ndiye aliyeinua waya wa uzio. Yeye ndiye aliyesema, "Panda kidogo tena, binti."

Akafungua kopo, akampa mkanda. Mama akauinua kwenye jua. Picha nne za kwanza hakuna gazeti lililozitaka: Mwaba kizingitini hapo hapo, anakula. Ya tano, kilima.

"Mbona sahani imejaa unga?"

"Si unga, mama. Kwenye mkanda cheusi huonekana cheupe. Ni vumbi la kilima. Lilikuwa likimfuata hapa, kwenye chakula." "Na juu kule nilimpandisha mimi."

Mama hakumtazama.

"Basi alisema kweli."

"Alisema kweli."

"Mahakama inakaa saa nne. Utayasema hayo, hata ya uzio?"

"Hata ya uzio."

"Watakuvua tuzo yako."

"Waivue."

Mkono wa kulia wa Mama, ule ulioshika fimbo, ulibaki juu, umeushikilia mkanda kwenye jua, na haukushuka.